Baiskeli, jasho na wema wa tusiowajua

Mwaka 2003 Geoff Thomas, mwanasoka aliyewahi kuwa nahodha wa Crystal Palace na kuichezea England mara tisa, aligundulika kuwa na saratani ya damu. Alikuwa na miaka 38, na hakuwa ametundika daluga kwa muda mrefu. Matibabu yake yalisimamiwa na Profesa Charles Craddock wa Hospitali ya Queen Elizabeth hapa Birmingham. Januari 2004 alipandikizwa seli shina za dada yake, na mwaka mmoja baadaye ugonjwa ukawa umetulia. Mwaka huohuo wa 2005 akapanda baiskeli na kuifuata njia nzima ya mashindano ya Tour de France: hatua 21, takriban kilomita 3,500, pamoja na milima yake yote. Hakuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa. Alitaka kuchangisha fedha za utafiti wa ugonjwa ambao nusura umuue.

Hakuishia hapo. Safari hiyo ameirudia mara kadhaa, na siku hizi kuna safari maalumu iitwayo The Tour 21, ambayo watu wa kawaida wenye kazi na familia zao hupita njia ya Tour de France wiki moja kabla ya wanamashindano. Wanachangia Cure Leukaemia, shirika la hisani lililoanzishwa Birmingham mwaka 2003 na Profesa Craddock akishirikiana na wagonjwa. Fedha hizo hulipa wauguzi wa utafiti, wale wanaosimamia majaribio ya dawa mpya ili mgonjwa ambaye dawa za kawaida zimeshindwa apate nafasi nyingine ya kuishi.

Ujasiri wa Thomas haupingiki. Hata hivyo uhai wake ulibebwa pia na watu asiowajua, na ambao hatawajua kamwe. Wa kwanza ni walipa kodi. Tangu Julai 5, 1948, NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, humtibu mgonjwa bila kumpelekea bili wodini. Gharama hubebwa na wote wanaofanya kazi, akiwamo dereva wa basi wa Wolverhampton ambaye pengine hajatazama hata mechi moja ya Crystal Palace. Wa pili ni wagonjwa wa miaka ya nyuma waliokubali kujaribiwa matibabu ambayo hayajathibitishwa, wakijua kwamba huenda faida ikawafikia wengine tu. Wa tatu ni wachangia damu, kwa sababu aliyepandikizwa huhitaji kuongezewa damu na chembe sahani mpaka uloto mpya uanze kazi. Dada alitoa seli zake. Yaliyobaki yote yalitoka kwa wageni.

Hapo ndipo ninapoona thamani kubwa ya safari ya baiskeli ya hisani. Inaleta barabarani, mchana kweupe, jambo ambalo kwa kawaida limejificha: kila mmoja wetu anaishi kwa wema wa watu asiowajua, na wema huo hauji wenyewe. Hujengwa, hupangwa na kutunzwa. Sisi watu wa Afrika Mashariki, tulio nyumbani na tulio ughaibuni, tuna kipaji cha kuchangiana ambacho wengi wanakionea wivu. Wakati umefika wa kukivusha nje ya mipaka ya tunaowajua.

Birmingham ni mahali panapofaa kwa mazungumzo haya, maana baiskeli nyingi za babu zetu zilitoka huku. Kampuni ya BSA, iliyoundwa mwaka 1861 kutengeneza bunduki kabla ya kuingia kwenye baiskeli, ilikuwa na kiwanda chake Small Heath. Hercules ilianza mwaka 1910 upande wa Aston. Phillips ilikuwa Smethwick, mji uliopakana na jiji. Matandiko ya ngozi ya Brooks, yaliyokaliwa na makarani, makatekista na walimu wa shule za msingi kwa vizazi, chimbuko lake ni Birmingham ya mwaka 1866. Baiskeli hizo nyeusi, nzito, zenye keria ya chuma nyuma, zilibeba magunia ya mkaa, matenga ya kuku na madumu ya maziwa kutoka Tabora mpaka Busia. Zilibeba na watu pia. Katika vijiji vingi baiskeli moja ndiyo iliyokuwa gari la wagonjwa la kila mtu, na mwenye nayo aligongewa mlango usiku wa manane kumwahisha zahanati mama mwenye uchungu, hata kama mama huyo alikuwa wa kitongoji cha pili na mwenye baiskeli hakujua jina lake.

Viwanda vile vimekwisha. BSA iliuza biashara yake ya baiskeli kwa Raleigh ya Nottingham mwaka 1957. Leo Small Heath ni mtaa wa Wapakistani, Wasomali na watu wa kila pembe ya dunia, na ukitembea kando ya Coventry Road si ajabu kusikia mtu akizungumza Kiswahili kwenye simu. Desturi ya kumbeba usiyemjua haikwisha na viwanda. Imepata sura nyingine.

Utaratibu wake ni rahisi. Mwendeshaji hujiandikisha kwenye safari, hufungua ukurasa wa mchango kwenye intaneti, na kueleza anaendesha kwa ajili ya nani: hospitali ya watoto, helikopta ya wagonjwa, nyumba ya kuwatunza walio katika siku zao za mwisho. Wafanyakazi wenzake, majirani na wazazi wa shule ya mtoto wake wanaweka pauni tano, kumi, ishirini. Mchangiaji akiwa mlipa kodi, serikali huongeza peni 25 kwenye kila pauni moja aliyotoa. Mwendeshaji huanza mazoezi miezi kadhaa kabla, wenzake wakimwona akirudi ameloa mvua ya Machi. Kila anapolowa, wanaomwona wanaamini zaidi kwamba jambo hili kwake ni la dhati, nao wanatoa.

Wapo wanaouliza: kwa nini mtu ajitese hivyo? Si atoe tu hizo fedha? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mtu mmoja akitoa kimya kimya, mchango unaishia kwake. Akipanda baiskeli, anawapa watu mia moja sababu ya kutoa, na anawalazimisha kwa upole kumfikiria mgonjwa ambaye hawamjui. Aliyeweka pauni kumi kwenye ukurasa wa Geoff Thomas huenda hajawahi kuugua wala kuuguliwa na saratani ya damu. Alimjua Thomas, na kupitia kwake akamfikia mgonjwa aliyelala Queen Elizabeth ambaye hatamwona maishani. Jasho la mtu mmoja ndilo lililowaunganisha wawili hawa.

Barabarani kwenyewe wema unaonekana kwa macho. Septemba 24, 2017, Birmingham na maeneo jirani ya Worcestershire na Staffordshire yalifunga barabara zake kwa ajili ya Vélo Birmingham, safari ya maili 100, yaani kilomita 160, yenye waendeshaji 15,000, wengi wao wakichangishia mashirika ya hisani. Katika safari za namna hii wakazi hutoa viti mpaka kando ya barabara, watoto hunyoosha mikono wapigwe viganja na wanaopita, wazee hugonga masufuria mlimani pale ambapo miguu inaanza kukataa. Kwenye vituo vya mapumziko, watu wa kujitolea walioamka kabla ya alfajiri humenya ndizi na kujaza chupa za maji kwa watu ambao hawatawaona tena.

Siku hiyohiyo ya 2017 kuna waliomwaga misumari midogo barabarani ili tairi zitoboke. Kitendo hicho kilikuwa cha hatari na hakina utetezi. Ila nyuma yake kulikuwa na manung'uniko ambayo waandaaji wanapaswa kuyasikia: wakazi waliojikuta wamefungiwa ndani ya mitaa yao, wauguzi wa majumbani wasioweza kuwafikia wazee wanaowahudumia, wafanyabiashara wadogo waliopoteza mauzo ya Jumapili. Wema kwa mgonjwa wa mbali usimkanyage jirani wa karibu. Kuwashirikisha wakazi mapema, kuacha njia za dharura na kupunguza saa za kufunga barabara ni sehemu ya hisani yenyewe.

Nami wema wa njiani nimeuonja. Nilipata pancha kwenye njia ya kando ya mfereji wa Worcester na Birmingham, mbele kidogo ya Bournville, majira ambayo ua wa miiba hukatwa na vijiti vyake kutapakaa njiani. Sikuwa na tyubu ya akiba. Mwanamke wa makamo aliyekuwa akija kwa kasi alifunga breki, akaniuliza kama niko salama, akaipindua baiskeli yangu magurudumu juu. Alibandua tairi kwa vijiti viwili vya plastiki, akapitisha vidole taratibu ndani yake mpaka akaukuta mwiba, akauchomoa kwa kucha na kunionyesha. Kisha akafungua kimkoba kilichokuwa chini ya tandiko lake, akatoa tyubu mpya, akaivisha, tukapokezana pampu. Nilipotoa pochi alikataa. Aliniambia fedha hiyo nikanunue tyubu mbili, moja yangu na nyingine ya nitakayemkuta. Akaondoka bila akiba, na alikuwa na safari ndefu mbele yake.

Anayewajua mafundi baiskeli wa kwetu, wenye karai la maji, msasa na vipande vya tyubu kuukuu chini ya mwembe, hatashangaa. Ni mafundi wangapi wamemzibia pancha mwanafunzi na kumwambia wahi shule, utalipa ukipata? Moyo huo tunao. Hatuhitaji kuazima kwa mtu.

Tatizo ni kwamba wema wa njiani unamfikia yule tu aliye mbele ya macho. Mgonjwa wa saratani ya damu hayupo kando ya mfereji. Mtoto mwenye njaa Wajir, Kenya, haonekani kutoka Bournville. Kumfikia asiyeonekana kunahitaji chombo: daftari, mhasibu, ripoti, watu wanaoaminika. Birmingham ina mfano mzuri. Mwaka 1984 Hany El-Banna, daktari kutoka Misri aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Birmingham, aliguswa na njaa iliyokuwa ikiua watu Ethiopia na Sudan. Alianza kuchangisha pamoja na wanafunzi wenzake, na mchango wa kwanza ulikuwa peni 20 kutoka kwa mtoto, mpwa wake. Kutokana na sarafu hiyo likazaliwa shirika la Islamic Relief, ambalo makao yake makuu bado yapo Digbeth katikati ya jiji, na ambalo leo linafanya kazi katika nchi nyingi, zikiwamo Kenya na Somalia. Wanafunzi wale hawakuwa matajiri. Walichofanya ni kuijengea huruma yao taasisi iliyodumu baada ya habari ya njaa ile kutoka magazetini.

Sasa tujitazame sisi. Mswahili akifiwa Birmingham, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa kabla maiti haijatoka hospitali. Ndani ya siku chache nauli ya kurudisha mwili nyumbani imepatikana, chakula cha matanga kimegawanywa kwa zamu, na mjane hajui nani alileta mchele. Harusi, ada za shule, matibabu ya mama mzazi kijijini, yote tunayabeba mabegani. Jambo hili ni la kujivunia na lisidharauliwe na yeyote. Wengi wetu tusingefika tulipo bila hilo.

Lakini tazama jinsi mchango unavyosafiri. Unaulizwa kwanza: ni wa kwetu? Ni wa kabila gani, wa msikiti upi, wa kanisa lipi, alisoma na nani? Mwenye ndugu wengi na marafiki wengi anachangiwa haraka. Mpweke, mgeni aliyefika juzi, asiye na karatasi, aliyegombana na ukoo wake, huyo anasubiri. Mfumo wetu humpa zaidi aliye na watu, na humpa kidogo asiye na mtu, ambaye ndiye mhitaji kuliko wote. Hilo ndilo pengo ambalo safari ya baiskeli inaweza kutusaidia kuliona na kisha kuliziba.

Wala safari ndefu kwa ajili ya jambo kubwa si kitu kigeni kwenye historia yetu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, maili 138, kuunga mkono Azimio la Arusha. Kijana Seti Benjamin alifariki mwaka huo akiwa kwenye matembezi ya kuliunga mkono azimio hilohilo, na jina lake likabaki kwenye kumbukumbu ya taifa. Miaka ya karibuni waendesha baiskeli wa Twende Butiama wamekuwa wakitoka Dar es Salaam kuelekea Butiama kwa ajili ya kumbukumbu ya Mwalimu ya Oktoba 14, wakiacha njiani huduma kwa shule na jamii wanazopitia. Kili Challenge ya mgodi wa Geita, iliyoanza mwaka 2002, imewapandisha watu Kilimanjaro kwa miguu na kuwazungusha mlima huo kwa baiskeli kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Njia ndefu na mwili uliochoka tumevitumia siku nyingi kusema jambo zito.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Linasema hisani inaipa serikali mwanya wa kukwepa wajibu: kwa nini baiskeli ilipe kile ambacho kodi ingepaswa kulipa? Nakubaliana na msingi wa hoja hiyo. Mgonjwa hapaswi kupona kwa sababu tu rafiki yake ana mapafu imara. Bima ya afya na kodi ndizo wema mkubwa zaidi kwa mtu usiyemjua, kwa sababu haziulizi ni wa kwetu au si wa kwetu. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa Tanzania mwaka 2023, na mfumo mpya wa bima ya afya wa SHA ulioanza Kenya Oktoba 2024, ni mambo ya kusimamiwa kwa ukali na wananchi mpaka yafanye kazi kwa maskini. Aliyezoea kuchangia asiyemjua haoni uchungu kulipa bima itakayomtibu mwingine mwaka ambao yeye ni mzima. Hisani ya kweli inaandaa njia ya haki. Haichukui nafasi yake.

Na kuna vitu ambavyo serikali haiwezi kutoza kama kodi. Damu ni kimojawapo. Seli shina ni kingine. Ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa moja kwa nne tu wa kulingana na mgonjwa, hivyo wengi hutegemea mgeni aliyejiandikisha kwenye orodha kama ile ya Anthony Nolan, ya kwanza duniani, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1974. Ulinganifu hufuata nasaba. Mgonjwa mwenye asili ya Afrika hupata tabu zaidi kumpata anayelingana naye, kwa sababu wenzake wa asili hiyo waliojiandikisha ni wachache. Kijana wa miaka 16 hadi 30 hujiandikisha kwa kupangusa shavu kwa ndani kwa kijiti cha pamba, na akiitwa siku moja, mara nyingi utoaji wenyewe unafanana na kuchangia damu. Wagonjwa wa selimundu wa hapa Birmingham nao wanahitaji damu inayopatikana kwa wingi zaidi kwetu sisi Waafrika. Nyumbani, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Kadiri huduma hiyo itakavyokua, ndivyo watakavyoongezeka watoto wasio na ndugu anayelingana nao.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la vitendo. Vikundi vyetu vya michango, Birmingham, Mombasa, Dar es Salaam, Muscat, viweke kwenye katiba zao kifungu kimoja: katika kila pauni kumi au kila shilingi elfu kumi inayokusanywa, sehemu moja ya kumi iende kwa mhitaji ambaye hakuna mwanachama anayemjua, kupitia hospitali au shirika linalotoa hesabu zake hadharani. Mara moja kwa mwaka kikundi kiandae safari ya baiskeli, ndefu kulingana na miguu ya wanachama wake, na mwisho wa safari kuwe na meza mbili: moja ya kuchangia damu, nyingine ya vijana kujiandikisha kutoa seli shina. Ada ya kushiriki iwe ndogo ili hata mwenye baiskeli ya kuazima apate nafasi. Mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wote kabla watu hawajatawanyika.

Wahenga walituachia agizo la kutenda wema na kwenda zetu. Sehemu ya kwanza tumeishika vizuri. Ya pili, ya kwenda bila kumuuliza aliyetendewa ni mtoto wa nani, ndiyo iliyobaki. Tuianze kwenye kikao kijacho cha kikundi, kabla ya msiba mwingine kutukusanya.